Kiolezo cha Karatasi na Mwili wa Mvaaji: Historia Fupi ya Vipimo vya Ushonaji

Historia ya kiolezo cha karatasi, yaani karatasi iliyokatwa kwa umbo la kila kipande cha vazi ili kitambaa kikatwe kwa kuifuata, kwa kawaida husimuliwa kama historia ya ufundi uliotoka mikononi mwa mafundi wachache na kuingia majumbani mwa watu wa kawaida kwa bei ndogo. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaacha upande wa pili wa jambo, kwa kuwa kila kiolezo kilichouzwa dukani kilichorwa kwa kufuata mwili wa kukadiria, na mnunuzi aliachiwa kazi ya kurekebisha tofauti iliyopo kati ya mwili huo na wake. Anayejua jinsi kazi hiyo ilivyozaliwa ataweza kuchagua kiolezo kinachomkaa vizuri.

Kabla ya violezo vya biashara, fundi wa Ulaya hakupima kwa namba. Alichukua ukanda mrefu wa karatasi au wa ngozi nyembamba, akauzungusha kifuani na kiunoni mwa mteja, akaunyoosha mgongoni na mkononi, na kila kipimo kilipoishia akaukata kipengo kidogo pembeni, kiasi kwamba ukanda wa mteja mmoja haukumfaa mwingine. Mhispania Juan de Alcega, aliyechapisha mjini Madrid mwaka 1580 kitabu cha michoro ya ukataji wa nguo, alilenga zaidi kuwaonyesha mafundi namna ya kupanga vipande juu ya kitambaa chenye upana fulani bila kukipoteza. Suala la vazi kumkaa mvaaji liliendelea kuwa la fundi na ukanda wake.

Hali ilibadilika mwanzoni mwa karne ya 19, tepu ya kupimia yenye inchi ilipoenea. Vipimo vilivyoandikwa kwa namba viliwawezesha mafundi kulinganisha miili ya wateja wengi, na ulinganishaji huo ukazaa nadharia ya uwiano, yaani dhana kwamba mzunguko wa kifua ukijulikana, upana wa mgongo, kina cha kwapa na urefu wa bega vinaweza kukokotolewa kutokana nao. Nadharia hiyo haikuwadhuru sana mafundi wa makoti ya wanaume, kwa sababu walimjaribisha mteja nguo kabla ya kuimaliza na kusahihisha palipokosewa. Ilipohamia katika biashara ya violezo, kipimo kimoja kiliendelea kutawala, lakini jicho la fundi halikuwepo tena.

Katika miaka ya 1850 na 1860, majarida ya wanawake nchini Marekani yalitoa violezo vya saizi moja, na Ellen Demorest pamoja na mumewe William walijenga biashara kubwa ya violezo mjini New York, wakisaidiwa na jarida lao la mitindo walilolianzisha mwaka 1860. Msomaji ambaye mwili wake haukulingana na saizi hiyo alilazimika kukipanua au kukipunguza kiolezo mwenyewe. Mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi wa nguo wa mji mdogo wa Sterling, jimbo la Massachusetts, alianza kuuza vazi lilelile katika saizi mbalimbali, akianza na nguo za wanaume na wavulana, na mwaka 1866 akaongeza za wanawake. Karatasi nyembamba aliyoichagua ilikunjika kwa urahisi na kutumwa kwa posta, jambo lililokifikisha kiolezo hata katika mashamba ya mbali.

Karatasi hizo za awali hazikuwa na maandishi. Zilikatwa kwa marundo, na matundu yaliyotobolewa ndani yake, pamoja na vipengo vya pembeni, ndiyo yaliyomwelekeza mshonaji mahali pa kukunja, pa kuunganisha na mwelekeo wa uzi wa kitambaa. Ni karibu mwaka 1920 ndipo kampuni ya McCall ilipoleta kiolezo chenye mistari na maelezo yaliyochapishwa juu yake. Maelezo yaliongezeka, lakini mwili uliokusudiwa ulibaki kuwa wa makadirio ya kila kampuni.

Jaribio kubwa la kuupima mwili halisi lilifanywa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1939 na 1940, chini ya Ruth O'Brien na William Shelton. Wanawake karibu 15,000 walipimwa, kila mmoja vipimo 59, na ripoti iliyotoka mwaka 1941 ilithibitisha kwamba wanawake wenye kifua sawa hutofautiana sana kwa nyonga, mabega na kimo. Hata hivyo, takwimu zilizochambuliwa zilikuwa za wanawake weupe peke yao, na matokeo yake jedwali lililodaiwa kuwa la wanawake wa Marekani liliwaacha nje mamilioni ya wanawake wa nchi hiyohiyo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni za violezo zilibadilisha majedwali yao ili yasogee karibu na saizi za nguo za madukani, na saizi ya 12, iliyokuwa na kifua cha inchi 32, ikawa na kifua cha inchi 34. Baada ya hapo violezo vilibaki karibu vilevile, ilhali maduka ya nguo yaliendelea kupanua kila saizi. Hii ndiyo sababu mshonaji anayechagua kiolezo kwa namba ya gauni alilonunua dukani hupata vazi linalombana.

Historia hiyo ndiyo inayoeleza kanuni ambazo walimu wa ushonaji husisitiza. Kwa kuwa kampuni nyingi kubwa huchora zikikusudia tofauti ya takriban inchi 2 kati ya kifua cha juu, kinachopimwa chini ya kwapa na juu ya matiti, na kifua kamili, mwanamke ambaye tofauti yake ni kubwa zaidi huchagua saizi kwa kipimo cha juu, ili mabega na shingo vikae sawa, kisha hupanua sehemu ya matiti. Suruali na sketi nyembamba huchaguliwa kwa nyonga, maana kiuno hupunguzwa kwa urahisi kuliko nyonga inavyoongezwa. Kabla ya kukata kitambaa cha thamani, mshonaji hushona vazi la majaribio kwa kitambaa cha bei nafuu kama merikani, na kwa njia hiyo hurudisha hatua ambayo biashara ya violezo iliiondoa.

Katika miji ya Afrika Mashariki, ambako fundi cherehani bado humpima mteja aliyesimama mbele yake na mara nyingi hukata moja kwa moja juu ya kitambaa, hatua hiyo haikupotea kabisa. Kiolezo cha karatasi ni urithi wa thamani unaobeba maarifa ya vizazi vya mafundi, lakini thamani yake huonekana pale tu kinaposomwa kama pendekezo, na tepu iliyozungushwa katika mwili wa mvaaji ikapewa neno la mwisho.