Ulimi wa Mwigizaji Aliyesomea

Msomaji, mwulize mtahiniwa yeyote wa kidato cha nne aeleze sifa za mhusika mkuu katika tamthilia teule. Atakutajia sifa sita, kila moja na ithibati yake, na pengine ukurasa. Kisha mwulize mhusika huyo husema kwa sauti gani, hupumua wapi katikati ya usemi wake, na anapomwambia mwenzake "karibu" anataka kupata nini kutoka kwake. Aghalabu utajibiwa kwa kimya. Maswali haya ya pili ndiyo anayoanza nayo mwigizaji aliyesomea kazi yake. Katika makala haya nitadai kwamba historia ya waigizaji wa aina hiyo, ng'ambo na hapa kwetu, ni historia ya ulimi: nani alifunzwa kusema vipi, kwa lugha ya nani, na kwa gharama gani.

Tuanze mbali kidogo. Katika Uingereza ya Shakespeare hapakuwa na chuo cha uigizaji. Mvulana aliwekwa chini ya mwigizaji mzoefu, akala kwake na kujifunza kwake, jinsi mwanagenzi wa useremala anavyojifunza kwa fundi. Mnamo 1904, Herbert Beerbohm Tree, mwigizaji na mwenye kuendesha jumba la maonyesho mjini London, alianzisha taasisi ambayo baadaye ilikuja kujulikana kwa kifupi kama RADA. Humo mwanafunzi alifunzwa kutoa sauti, kutembea, kusimama na kutamka. Neno hili la mwisho ndilo linalotuhusu. Kwa muda mrefu, kutamka vyema jukwaani Uingereza kulimaanisha kutamka kama watu wa tabaka la juu. Aliyetoka katika mji wa viwandani aliacha lafudhi ya mamake mlangoni. Hali hiyo ilianza kulegea baada ya Vita Vikuu vya Pili. Albert Finney, mzaliwa wa Salford aliyepitia RADA, aliigiza kibarua wa kiwandani katika filamu ya mwaka 1960, Saturday Night and Sunday Morning, na watazamaji wakasikia kwenye skrini lafudhi ambayo awali ilitengewa vichekesho na watumishi wa jikoni.

Urusi nayo ilileta swali jingine. Konstantin Stanislavski (1863–1938) alishirikiana na Nemirovich-Danchenko kuanzisha ukumbi wao mjini Moscow mwaka 1898, na mwaka huohuo wakaigiza The Seagull ya Chekhov. Mafunzo yake yamezungukwa na maneno mengi kupita kiasi, na wapo wanaoyatumia kujitia ujuzi. Kiini chake ni chepesi: mhusika ana hali aliyomo, ana anachokitaka, na ana kinachomzuia. Mwigizaji ajiulize angefanya nini yeye mwenyewe lau angekuwa katika hali hiyo. Nadharia hii ilivuka bahari, ikabadilishwabadilishwa kule New York, na leo ni nadra kupata chuo cha uigizaji kisichokuwa na mabaki yake.

Mwalimu, huenda unajiuliza haya yanamfaa nini mtahiniwa wako. Hebu tuchukue Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjeketile anatoka majini akiwa amepandwa na Hongo, anawatangazia watu habari ya maji, na katika maneno hayohayo anataja kwamba watakuwa wana wa Seyyid Said. Baadaye, akili zikiwa zimemrudia, anatambua maana ya kauli hiyo: kumtoa Mjerumani na kumwingiza Sultani. Anashtuka. Mhakiki wa darasani ataandika "Kinjeketile ana mgogoro wa nafsi," naye atapata alama yake. Mwigizaji hawezi kuridhika na jibu hilo, kwa maana hakuna awezaye kuigiza "mgogoro wa nafsi". Lazima aamue. Je, sauti ya Hongo ni nzito kuliko ya Kinjeketile, au ni ileile iliyopoteza pumzi? Anapolitaja jina la Sultani akiwa amepandwa, analitamka kama mtu anayelijua au kama anayetamkishwa? Uamuzi huo ukifanywa ovyo, tukio la mshtuko huko mbele halitakuwa na mashiko. Na mwishoni, Kinjeketile akiwa mateka, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa, kwa kuwaza vizazi vijavyo ambavyo vitaambiwa kwamba waliopigana walikosea. Anachokitaka hapo si kuishi tena. Mwanafunzi aliyewahi kuusema usemi ule kwa kinywa chake, akakosea mahali pa kupumua na akarudia, hatahitaji kukaririshwa dhamira.

Si sadfa kwamba Hussein aliandika hivyo. Alisomea sanaa za maonyesho Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, Azimio la Arusha likiwa bado bichi, kisha akaenda Berlin kwa masomo ya uzamifu. Penina Muhando, ambaye vitabu vya baadaye humwita Penina Mlama, na Amandina Lihamba ni wa kizazi hicho. Walifunzwa katika mazingira ambamo Kiswahili kilikuwa lugha ya jukwaa, wala si lugha ya kutafsiriwa kwa ajili ya sherehe. Tunawafahamu kupitia maandishi: Hatia (1972), Lina Ubani (1984), Hawala ya Fedha (1980). Lakini tukiwasoma kama waandishi tu tunawapunja. Walikuwa watu wa jukwaani, wakiigiza, wakielekeza na kufunza wengine kuigiza.

Mtazame Lihamba. Aliigiza katika Arusi ya Mariamu (1985), filamu fupi ya Kiswahili, na mwaka huohuo akakamilisha shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Leeds kwa utafiti juu ya siasa na tamthilia Tanzania. Katika Maangamizi, filamu iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Ron Mulvihill, yeye ndiye Samehe, mgonjwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ambaye hajanena kwa miaka mingi. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza kuwasilishwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, mwaka 2001. Fikiria: mwigizaji aliyetumia maisha yake kufunza watu kusema anapewa nafasi ya mtu asiyesema, na ni macho na mabega yake yanayoibeba sehemu kubwa ya hadithi. Hilo haliwezekani kwa kipaji peke yake, ingawa magazeti yetu yanapenda sana kuandika juu ya "kipaji cha kuzaliwa". Kunyamaza mbele ya kamera kwa dakika nyingi bila kumchosha mtazamaji ni kazi ya kufunzwa.

Hata hivyo, kazi ya uigizaji pekee haikuweza kuwalisha. Hawa wote waliishi kwa ualimu wa chuo kikuu. Soko la filamu za Kiswahili lenye mishahara ya kudumu halikuwapo, na vikundi vya taifa vilivyoundwa na serikali baada ya uhuru vilivunjwa. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, kikafunza ngoma, uigizaji, muziki na sanaa za ufundi, na tangu 2007 kinajulikana kama TaSUBa. Wahitimu wake wengi walirudi kufunza au kuingia katika sanaa za maonyesho kwa maendeleo: kampeni za afya, za maji, za haki za wasichana. Lihamba na Mlama wenyewe walianzisha mradi wa Tuseme mwaka 1996, ambamo wasichana wa shule za upili hutumia maigizo kuyasema yanayowakwaza. Mradi huo baadaye ulisambazwa nje ya Tanzania kupitia shirika la FAWE lenye makao yake Nairobi. Kwangu mimi hayo ni matunda makubwa kuliko filamu nyingi, japo hayakumfanya yeyote kuwa nyota.

Nasi hapa Kenya je? Ukumbi wa Kitaifa ulifunguliwa Nairobi mwaka 1952, mwaka wa hali ya hatari, na kwa miaka mingi ulikuwa wa Kiingereza na wa walowezi. Mnamo 1976, The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo ilipata siku chache tu hapo baada ya mvutano. Mwaka uliofuata Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walikwenda Kamĩrĩĩthũ, Limuru, na Ngaahika Ndeenda ikaigizwa na wakulima na vibarua kwa Gĩkũyũ. Serikali iliipiga marufuku mwezi Novemba 1977, na Ngũgĩ akatiwa kizuizini mwishoni mwa Desemba. Nakiri kwamba Kamĩrĩĩthũ ni pingamizi kubwa kwa hoja yangu. Wale hawakusomea uigizaji popote, na bado watu walifurika. Lakini zingatia walivyofanya kazi: mazoezi ya miezi kadhaa, hadharani, wanakijiji wakisahihisha usemi, nyimbo na hatua za waigizaji. Hicho kilikuwa chuo, ila hakikuwa na cheti. Na lugha waliyofunziana ilikuwa ile waliyolala na kuamka nayo. Mwaka 1982 jukwaa lao la wazi lilibomolewa.

Kwa hiyo Mkenya aliyetaka kusomea uigizaji kwa kina aliangalia nje. Lupita Nyong'o, aliyezaliwa Mexico mwaka 1983 na kulelewa Kenya, aliigiza Juliet na kikundi cha Phoenix Players Nairobi akiwa na umri wa miaka 14. Alisomea filamu na maigizo katika Chuo cha Hampshire, Marekani, akafanya kazi za nyuma ya kamera, akaelekeza In My Genes (2009) kuhusu watu wenye ualbino nchini Kenya, na akaonekana katika tamthilia ya runinga Shuga. Ndipo akaingia Shule ya Maigizo ya Yale, alikohitimu shahada ya uzamili mwaka 2012 baada ya kuigiza, miongoni mwa nyingine, kazi za Shakespeare na Chekhov. 12 Years a Slave ilitoka mwaka 2013. Tarehe 2 Machi 2014 akapokea tuzo ya Oscar.

Wengi husimulia sehemu hiyo na kuishia hapo. Mimi naona jambo zito liko kwenye lafudhi. Mwaka 2024 alieleza hadharani, katika mazungumzo na Trevor Noah, kwamba akiwa Yale aliamua kuiacha lafudhi yake ya Kenya na kujifunza ya Kimarekani ili apate kazi, na kwamba baadaye, umaarufu ulipomfikia, aliamua kuirudia ya kwao. Sasa zitazame kazi zake kwa sikio badala ya jicho. Patsey wa 12 Years a Slave ni mtumwa wa kusini mwa Marekani. Katika Eclipsed ya Danai Gurira, iliyofika Broadway mwaka 2016, anasema Kiingereza cha Liberia. Katika Black Panther (2018) matamshi yamejengwa juu ya isiXhosa. Katika Us (2019) ana wahusika wawili wenye sura moja, na mmojawapo akapewa sauti ya kukwaruza iliyotokana na ugonjwa halisi wa koo. Wenye ugonjwa huo walilalamika, naye akaomba radhi. Kila mara ni ulimi wa mtu mwingine, na kila mara shule yake inaonekana. Isitoshe, mtu aliyelazimika kuisoma lafudhi ya wengine neno kwa neno huisikia yake kwa namna ambayo sisi wengine hatuisikii.

Mwezi Agosti 2025, ukumbi wa wazi wa Delacorte mjini New York ulifunguliwa tena kwa Twelfth Night, ikielekezwa na Saheem Ali, mzaliwa wa Nairobi. Hii ni hadithi ya pacha wawili, Viola na Sebastian, wanaotenganishwa na chombo kuzama, kila mmoja akidhani mwenziwe amekufa ugenini. Lupita alikuwa Viola, na Junior Nyong'o, kakake wa damu, akawa Sebastian. Vipande vya maneno ya pacha hao vilisemwa kwa Kiswahili. Sijui mhakiki awezaye kudai kuwa hilo ni pambo tu. Wageni wawili katika nchi isiyo yao wanatambuana kwa lugha: huo ni usomaji wa tamthilia ile, na umefanywa na waigizaji, bila tasnifu.

Yale yenyewe tangu 2021 haitozi karo wanafunzi wa shule hiyo, kutokana na mchango wa dola milioni 150. Hilo ni mbali nasi. Lililo karibu ni shule ya upili ya juu katika mtaala mpya, ambayo mkondo wake wa sanaa na sayansi ya michezo una somo la maigizo na filamu. Mwalimu wa Kiswahili ataombwa msaada, na huenda akawa ndiye pekee shuleni aliyewahi kupeleka mchezo kwenye tamasha za drama. Usisubiri vifaa. Chukua Bembea ya Maisha ya Timothy Arege. Mpe mwanafunzi mmoja maneno ya Sara, mgonjwa, na mwingine maneno ya Yona, mumewe. Wasome kurasa mbili wakiwa wameketi. Kisha mwambie Sara asome tena akiwa anataka Yona asijue kiasi cha maumivu yake, na mara ya tatu akiwa anataka ajue. Darasa liandike ni maneno gani yaliyobadilika sauti, na katika maelekezo ya jukwaani watafute ni usomaji upi mwandishi aliouunga mkono.