Namba ya Januari

Muuza maharage wa Rhotia, kaskazini mwa Tanzania, akikubali kulipwa shilingi 1 tarehe mosi Januari, 2 kesho yake, kisha 4, kila siku maradufu ya jana, mwezi ukiisha atakuwa na shilingi 2,147,483,647. Ndiyo Januari hii hii inayotukausha mifuko kwa sare na madaftari!

Namba hiyo ni tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mwezi wa siku 30 ungempa 1,073,741,823. Jumlisha tarakimu upate 36, utajua inagawanyika kwa 9. Februari ya siku 28 inaishia na 5. Februari ndefu ndiyo yenye hila: 536,870,911 inaonekana ngumu, kumbe 233 inaivunja.

Tasa zina historia ndefu kwetu. Mfupa wa Ishango, uliofukuliwa kando ya Ziwa Edward mashariki mwa Kongo, una umri wa miaka ipatayo 20,000, na safu yake moja ina chanjo 11, 13, 17 na 19. Wapo wanaosema mchongaji alizijua namba tasa. Mwamba ngoma huvutia kwake. Chanjo si uthibitisho.

Hata Pietro Cataldi wa Italia hakuwa nao. Mwaka 1603 alitangaza kwamba jumla ya siku 29 na ya siku 31 zote ni tasa. Ya kwanza alikosea, ya pili alibahatisha. Uthibitisho ulitoka kwa Leonhard Euler mwaka 1772, akiwa karibu kipofu kabisa. Kujaribu kila namba tasa ambayo ingeweza kuigawa kungedai majaribio karibu 4,800. Euler alionyesha kwamba kigawo chochote, ukikigawa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Zikabaki 84 tu. Akazijaribu, hakuna iliyoingia.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hakuna atakayejisumbua kutafuta zaidi ya hapo, kwa kuwa hesabu hizi hazina faida. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha tasa yenye tarakimu 39. Iliyopatikana Oktoba 2024 ina tarakimu 41,024,320, na ni jumla ile ile ya maradufu, ila kwa siku 136,279,841.

Namba ya Euler nayo iliingia kwenye kompyuta, si kwa utasa wake bali kwa maradufu yake. Mashine za biti 32 huweka biti moja kwa alama ya hasi au chanya, zinabaki 31, na kikomo kinakuwa 2,147,483,647. Nyingi zilihesabu saa kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970. Zile ambazo hazijabadilishwa zitafika kikomo Jumanne, Januari 19, 2038. Rhotia itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, jua halijachomoza, na sekunde inayofuata zitasoma Desemba 1901.