Daktari wa Familia na Daktari wa Magonjwa ya Ndani: Chimbuko la Fani Mbili za Marekani

Mtu mzima anayetafuta huduma ya afya ya msingi nchini Marekani, yaani daktari wa kumwona kwanza kila anapougua na wa kumfuatilia mwaka hadi mwaka, hukutana na mabingwa wa aina mbili wanaodai nafasi hiyohiyo: daktari wa familia na daktari wa magonjwa ya ndani. Wote wawili husoma ubingwa kwa miaka mitatu baada ya kuhitimu shahada ya udaktari, na wote hutibu kisukari, shinikizo la damu na vikohozi visivyokwisha, hata wagonjwa wengi wakashindwa kuwatofautisha. Anayetaka kuelewa tofauti yao hana budi kufuatilia asili ya fani zenyewe, kwa sababu moja ililelewa wodini na nyingine ilitokana na kilio cha jamii iliyokuwa ikipoteza madaktari wake.

Tiba ya magonjwa ya ndani, ambayo hushughulikia maradhi ya watu wazima bila kutumia upasuaji, ilikua kwanza katika Ujerumani ya karne ya 19, wakati maabara ilipoanza kueleza kilichokuwa kikitokea ndani ya mwili. Nchini Marekani ilipata sura yake kamili katika Hospitali ya Johns Hopkins, mjini Baltimore, iliyofunguliwa mwaka 1889 chini ya uongozi wa kitabibu wa William Osler. Hapo mwanafunzi hakutosheka na mihadhara, bali alikaa kando ya kitanda, akamhoji mgonjwa, akampapasa tumbo na kumsikiliza kifua, kisha akachukua damu na mkojo wake na kuvichunguza mwenyewe kwa hadubini. Madaktari waliohitimu waliishi hospitalini humohumo wakijifunza kazi, na utaratibu huo ndio uliokuja kuwa msingi wa mafunzo ya ubingwa nchini kote. Chuo cha Matabibu cha Marekani kiliundwa mwaka 1915 na bodi ya kutahini mabingwa wa fani hii ikafuata mwaka 1936, na katika fikra za waasisi wake bingwa huyo alikuwa mshauri, mtu wa kupelekewa wagonjwa ambao wenzake wameshindwa kuwabaini, wala hakukusudiwa kuwa daktari wa kwanza wa kila kaya.

Kazi hiyo ya kwanza ilikuwa ya daktari wa tiba ya jumla, ambaye mara nyingi alianza kazi baada ya mwaka mmoja tu wa mazoezi hospitalini, akazalisha, akaunga mifupa na kuwafuata wagonjwa majumbani. Ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910, iliyokagua vyuo vya udaktari 155 vya Marekani na Kanada, iliharakisha kufungwa kwa vyuo dhaifu na kuupa utafiti hadhi ya juu, jambo lililokuwa la haki kwa wagonjwa waliokuwa wakitibiwa na watu wasiofundishwa ipasavyo, lakini lililomwacha daktari wa jumla bila mtetezi chuoni. Vita Kuu ya Pili ilizidisha mwelekeo huo, kwa kuwa jeshi liliwapa mabingwa vyeo na mishahara mikubwa zaidi, na vijana waliorudi vitani wakakimbilia ubingwa.

Madaktari wa jumla waliunda chama chao mwaka 1947, lakini kilichogeuza mambo ni ripoti tatu za mwaka 1966, zilizotokana na kamati za John Millis, William Willard na Marion Folsom, ambazo kwa njia tofauti zilidai kwamba kila Mmarekani apate daktari anayemjua mtu kwa ujumla wake badala ya kiungo kimoja. Mnamo Februari 1969 udaktari wa familia ulikubaliwa kuwa fani ya ubingwa ya 20. Bodi yake ilikataa kumtunuku mtu cheti kwa sababu ya ukongwe tu, ikamtaka kila mmoja afanye mtihani na kuurudia baada ya miaka kadhaa, sharti ambalo hakuna bodi nyingine iliyokuwa imeliweka tangu kuanzishwa kwake. Sehemu muhimu ya mafunzo ilihamishiwa kliniki, ambako mwanafunzi wa ubingwa alikabidhiwa kundi la familia na kulifuatilia kwa miaka yote mitatu: mtoto wa chanjo, mama mjamzito, babu mwenye moyo dhaifu. Gayle Stephens, aliyeongoza mafunzo hayo mjini Wichita, aliiona fani hii kuwa sehemu ya vuguvugu la kijamii la wakati wake, na hoja yake ina nguvu, maana mageuzi haya yalisukumwa na madai ya wananchi kama yalivyosukumwa na sayansi.

Fani kongwe nayo haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 1976 iliruhusu fedha za serikali kusaidia mafunzo ya huduma ya msingi katika magonjwa ya ndani, na mwaka 1978 walimu wa mkondo huo wakaunda jumuiya yao. Hata hivyo mvuto wa hospitali haukuisha. Mwaka 1996 Robert Wachter na Lee Goldman waliandika juu ya daktari anayehudumia waliolazwa tu, na kazi hiyo, pamoja na ubobezi wa moyo, figo au tumbo, imewachukua vijana wengi ambao wangebaki kliniki. Udaktari wa familia nao umepungukiwa, kwa kuwa madaktari wake wengi wameacha kuzalisha.

Kwa nyumba yenye watoto au mama anayetarajia kujifungua, basi, daktari wa familia ndiye anayefaa, ingawa ni vema aulizwe mapema kama bado anazalisha. Na kwa mzee mwenye maradhi kadhaa yanayoingiliana, mafunzo ya wodini ya daktari wa magonjwa ya ndani ni faida kubwa, mradi ihakikishwe kwamba anakusudia kubaki kliniki.