Makaburi ya Hanang mbele ya trekta

Ukitoka Dodoma kwa barabara ya Kondoa, kabla hujafika Babati mlima Hanang hujitokeza mkono wa kushoto, kimo chake zaidi ya mita 3,400. Nyuma yake ziko mbuga za Basotu, nchi ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga.

Kwao mzee mwenye heshima akifa, kaburi lake huinuliwa tuta. Kazi huweza kuchukua miezi tisa: udongo na miti huongezwa tabaka kwa tabaka mpaka tuta limpite mtu kimo, na koo hukusanyika kunywa pombe ya asali. Tuta hilo na sherehe yake huitwa bung'ed. Wajukuu huendelea kulitembelea, na kila anayechunga pale hujua ni la nani.

Desturi ya kuwalundikia wafu ni kongwe katika nyanda hizi za juu. Ndani ya kreta ya Ngorongoro yapo malundo ya mawe ya wafugaji wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mjerumani Hans Reck aliyachimba, na mwaka 1941 Louis Leakey akafuata. Walikuta mifupa, shanga na mabakuli ya mawe. Waliozikwa humo hatujui hata majina yao, lakini malundo yao yamo ndani ya hifadhi tangu 1959.

Ya Hanang, ambayo wenyewe wapo hai, yalikutana na trekta. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, NAFCO, shirika la umma la kilimo, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba saba ya ngano, takribani ekari 100,000. Ardhi nzuri kuliko zote ilikuwa mabonde ya malisho ambayo Wabarabaig huyaita muhajega, na matuta kadhaa yalilimwa pamoja nayo.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua, ikisema pamoja na mengine kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria. Sijui ushahidi gani wa wenyeji unaolishinda kaburi la babu, ila karatasi hawakuwa nayo. Miaka miwili baadaye serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila katika ardhi ya Hanang.