Kilo 96 zisizo na namba

Ukiuliza historia ya mkonge utapewa namba moja: tani 230,000. Hizo ndizo singa zilizozalishwa nchini mwaka 1964, enzi za "dhahabu ya kijani". Sawa. Ila tuingie korona kidogo, kama zile za mashamba ya Morogoro, kuanzia Tungi hadi Kimamba kule Kilosa. Mashine inaponda na kukwangua jani huku maji yakimwagika muda wote. Kwenye kilo 100 za majani mabichi, singa kavu hazizidi kilo 4. Zinazobaki ni utomvu na nyama ya jani, zinaondoka na mfereji.

Sasa piga hesabu. Tani 230,000 za singa zinamaanisha taka zaidi ya tani milioni 5 kwa mwaka mmoja tu! Kwenye takwimu za zao hazimo. Marobota yalihesabiwa kwa sababu yana mnunuzi.

Lakini taka hizo zikifika mtoni huoza na kumaliza oksijeni, samaki wanakufa. Na mto hauishii hapa: Ngerengere unatoka Uluguru, unaingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayonywewa Dar es Salaam.

Miaka ya 2000, Hale mkoani Tanga, ulijengwa mtambo wa kugeuza taka za mkonge kuwa biogesi ya kufua umeme. Mtambo huo lazima ujue unalishwa tani ngapi. Taka ikipata kazi, inapata namba. Kwa hiyo kiwanda kikikupa ripoti ya kilichozalisha, uliza pia kilichomwaga.