Kuosha na Kupaka Vyombo vya Mbao katika Bara la Mombasa

Chombo cha mbao kikikaa baharini miezi michache, chini yake huota majani na magamba, na mdudu mtobozi hujipenyeza ndani ya ubao bila kuonekana kwa nje. Kukiosha na kukipaka ni kazi ya zamani katika mwambao wote, na watu wa bara la Mombasa waliihitaji kuliko wengi. Hadi daraja la kuelea la Nyali lilipofunguliwa mwaka 1931, mtu wa Kisauni hakuvuka kwenda kisiwani ila kwa chombo. Likoni ikasubiri feri mpaka 1937. Changamwe ndiyo iliyotangulia kuunganishwa, kwa reli iliyoanza kujengwa mwaka 1896.

Kazi ilifuata bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Chombo kiliingizwa ufukweni maji yakijaa, kikaegemezwa kwa miti ya mikoko, na yalipokupwa kikabaki pakavu kwa saa chache tu. Magamba yalikwanguliwa, ubao ukasuguliwa kwa makumbi ya nazi, kisha makuti makavu yakawashwa chini yake. Moto uliua mdudu na kufukuza unyevu. Hapo ndipo ustadi wa fundi ulipoonekana, kwa kuwa moto ukizidi huunguza kalafati, yaani pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwenye maungio ya mbao.

Sehemu inayozama ilipakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu. Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa, kama ile iliyojengea majumba ya mawe ya Mombasa. Sehemu ya juu ilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo harufu yake humtangulia nahodha bandarini. Desturi hii ni ya Bahari ya Hindi nzima: katika karne ya 13 Marco Polo aliviona vyombo vya Hormuz vikipakwa mafuta ya samaki. Wanamaji wa Uingereza walijaribu mabati ya shaba kwenye HMS Alarm mwaka 1761, lakini shaba ni ghali. Chokaa na papa vilikuwa mlangoni.

Rangi za viwandani zilikuja baadaye. Zile zenye sumu ya bati ziliua magamba kweli, ila ziliua na chaza na konokono wasio na hatia. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika 2008, ukazipiga marufuku.

Siku hizi kuna mashine ya kupuliza maji kwa nguvu. Inafaa kwa chuma na fibaglasi, lakini kwa ubao ina hatari zake: maji yakielekezwa karibu mno hung'oa kalafati, huchana nyuzi za ubao laini, na huingia kwenye maungio yakakaa humo. Ubao uliobaki na maji au chumvi haunywi sifa. Mafuta hukaa juu juu, na wimbi huyaondoa upesi. Anayeitumia aipunguze nguvu, asimame mbali, kisha aache ubao ukauke kabisa kabla ya kupaka. Kwa ngalawa iliyochongwa katika mwembe, makumbi na siku kadhaa za jua la kaskazi bado ni salama kuliko mashine.