Dua, Kisomo na Karamu: Mjadala wa Hitima

Uislamu ulioingia Maniema katika karne ya 19, kwa njia ya Nyangwe na Kasongo, ulitoka pwani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo mjadala wa Waswahili wa pwani juu ya hitima unawahusu pia Waislamu wa Lubumbashi.

Mara nyingi hudhaniwa kwamba ugomvi ni juu ya kuwaombea wafu. Sivyo. Sala ya jeneza yenyewe ni dua kwa maiti, na Qurani (59:10) inawataja kwa wema wanaowaombea msamaha ndugu waliowatangulia katika imani. Tofauti ilizuka juu ya thawabu za kisomo: je, humfikia maiti, hali aya nyingine (53:39) humwekea mtu juhudi yake mwenyewe tu? Nawawi, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 1277, alieleza kwamba rai mashuhuri ya madhehebu hayo ni kuwa hazimfikii, ingawa wenzake wengine walikubali kuwa zinamfikia.

Sheikh Abdallah Saleh Farsy, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1968 hadi 1980, aliipinga hitima, akaihesabu kuwa bidaa. Watetezi wake hujibu kwamba kisomo hufungwa kwa dua, na dua hufika.

Hata hivyo, pande zote mbili zinakutana penye sheria: mali ya yatima haitumiki kwa karamu ya matanga. Katika nyumba ya wafiwa maskini, swali la nani alipie chakula cha wasomaji hulitangulia lile la thawabu.